Siku Niliyoomba Malezi Kamili

Majuzi kijana mmoja wa kanisa letu alinifuata baada ya ibada, amemshika mkono bintiye wa miaka sita hivi. Alitaka ushauri. Mkewe alikuwa amerudi kwao, na watu walikuwa wamemwambia kwamba siku hizi hata baba anaweza kupewa watoto na mahakama akijipanga vizuri. "Mwalimu," akaniambia, maana nilifundisha hadi nikastaafu na jina halijanitoka, "wewe umeona mengi. Nifanye nini ndio nipewe malezi kamili?"

Nilikuwa nimeinama kumsalimia mtoto. Nywele zake zilisukwa matuta manne yaliyopinda kama njia za mbuzi, na kichwa kizima kilinukia yale mafuta ya kijani ya kopo. Nilijua bila kuuliza kwamba mkono uliosuka ni wa mwanamume. Nikamwambia atafute wakili mwaminifu, nikasema nina haraka, kisha nikarudi kuketi ndani ya kanisa tupu mpaka mama anayefagia akaniuliza kama ninaumwa.

Sisi tuliokulia enzi za maziwa ya shule, yale ya pakiti za pembe tatu, hatukuwa na neno la mambo haya. Mume na mke wakiachana, wazee walikaa, mbuzi wa mahari wakarudishwa au wasirudishwe, na watoto wakaangukia upande mmoja kama viazi vinavyomwagika guniani. Mwanamume kwenda mahakamani kuomba apewe watoto awalee mwenyewe, awapikie na kuwaogesha, lilikuwa jambo la kuchekwa. Baba yangu alichekwa sokoni Kiirua, akachekwa na walimu wenzake, akachekwa na dada zake. Lakini alishinda. Nami ndiye niliyemfanya ashinde.

Baba alikuwa Mwalimu Mutwiri, mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi niliyosoma. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya pole, na chaki ilikuwa imeingia kwenye mistari ya vidole vyake isitoke hata Jumapili. Mama, Wambeti, alikuwa mtu wa Embu. Alipiga taipu katika ofisi moja mjini Meru, na vidole vyake vilikuwa na haraka hata alipokuwa akichagua mchele kwenye uteo. Nyumbani Baba alisema Kimeru na Mama akamjibu kwa Kiembu, wakasikizana vizuri, tena wakachekeana maneno. Kiswahili kilikuwa cha shule na cha wageni. Wakianza kusemezana Kiswahili wao kwa wao, mimi na mdogo wangu Mwenda tulitoka nje, kwa kuwa tulijua wamekasirika.

Nilipokuwa darasa la tatu Mama alihamishwa kikazi akapelekwa Embu. Alikodi chumba mtaa wa Dallas. Mwenda alikuwa hajatimiza miaka miwili, akaenda naye. Mimi nilikuwa na shule, nikabaki na Baba. Mwanzoni Mama alikuja kila Jumamosi. Aliingia na ndizi za Embu zilizofungwa kwa majani yake, akanifungua nywele, akanisuka upya, na Jumapili alasiri akaondoka. Baadaye alikuja mara moja kwa wiki mbili. Baadaye tena mwisho wa mwezi. Sikujua waligombania nini na sijui hadi leo. Nilichosikia ni Jumamosi moja ya baridi, tukichagua mbegu za viazi nyuma ya nyumba, Mama akisema kwa Kiswahili, "Mimi siwezi kuacha kazi nije kukaa na upepo," na Baba akijibu, "Basi tutaonana kotini." Nilifikiri wanazungumza juu ya vazi. Kiirua kila mtu huvaa koti.

Muda si mrefu baadaye Baba alikwenda Embu bila kutoa habari. Alimkuta Mwenda kwa jirani, amelala kwenye gunia sakafuni, nepi imelowa, Mama akiwa ofisini. Aliporudi alikaa jikoni na viatu vyake miguuni, akalia mbele yangu kwa mara ya kwanza. "Siwezi kuwa baba wa nusu ya watoto wangu," alisema, si kwangu, kwa moto. Naandika haya ili isidhaniwe kwamba alimtaka Mwenda kwa ubishi. Alimtaka kwa sababu alimpenda, na alikuwa na hofu kwamba siku moja mwanamume mwingine angekuja kumwita mtoto yule wake.

Hapo ndipo Kinoti alipoanza kuja. Kinoti alikuwa karani wa wakili mjini, mtu mfupi mwenye koti la mvua ambalo hakulivua hata akila. Kila Jumapili baada ya kanisa alifika, akapewa mukimo wa viazi na mahindi, na chai, akatoa ushauri. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikimenya viazi, na kwa kuwa waliongea Kiswahili cha ofisini walidhani sisikii.

"Mwalimu, koti haiangalii mapenzi," Kinoti alisema. "Koti inaangalia vitu inaweza kuandika."

"Kama nini?"

"Kama huyu msichana analala wapi. Anakula nini. Viatu vyake ni nambari gani? Ukiulizwa ghafla utajua?"

Baba akanitazama miguu. Hakujua. Siku iliyofuata alinipima kwa kamba akaandika kwenye daftari.

Ushauri ulikuwa mwingi na Baba aliufuata wote, kama mwanafunzi anayejua kwamba mtihani hautarudiwa. Usimseme vibaya mama yao mbele yao, hata ukiwa umechomwa na moto. Dada yako asikae hapa, maana hakimu akiona umemwachia shangazi kazi yote, atasema afadhali mama. Usilete mwanamke yeyote mpaka hukumu itolewe. Mpeleke mtoto hospitali wewe mwenyewe, na kadi yake ya chanjo ujue iko wapi. Akija afisa wa watoto akute maziwa nyumbani, kitanda kimetandikwa, na choo kimefunikwa. "Na hizo nywele," Kinoti akasema akinionyesha kwa kijiko, "nywele za msichana ni ushahidi."

Shangazi Karimi, dada ya Baba, alikuwa amesema ninyolewe kama wasichana wengine, mambo yaishe. Baba alikataa. Alinunua mafuta ya kijani na kitana, akamwomba mke wa jirani amwonyeshe, na kila Jumapili jioni, jua likiwa bado juu ya ngano, alinikalisha katikati ya magoti yake. Mkono uliokuwa ukiandika herufi nzuri ubaoni ulipotea njia kichwani mwangu. Mara ya kwanza alichukua muda mrefu hivi kwamba nililala. Wasichana walinicheka shuleni, wakaniita shamba lililolimwa na mlevi. Nami sikujali. Nilikuwa na siri.

Siri yangu ilikuwa hii. Katika maneno yote ya Kinoti kulikuwa na mawili yaliyorudiwa kila mara: malezi kamili. "Unataka kutembelewa na watoto, ama unataka malezi kamili?" "Tukiomba malezi kamili, lazima tujiandae." Na mimi neno kamili nilikuwa nimefundishwa. Nilifundishwa na Baba mwenyewe, darasani, mbele ya watoto hamsini. Aliandika ubaoni na kugonga kwa rula: "Sentensi kamili ina mtendaji na kitendo. Ukiondoa kimoja, kinachobaki ni nini?" Darasa zima likaitika: "Ni kipande!" Tuliyasema hayo mpaka yakawa kama wimbo. Kitu kamili ni kile chenye pande zote mbili. Basi malezi kamili yangekuwa nini, kama si Baba na Mama? Mimi kukaa na Baba peke yake ni kipande. Mwenda kukaa na Mama Embu ni kipande. Baba alikuwa amechoka na vipande, akaenda kuomba serikali itupe kitu kizima.

Na kila nilichokiona kilinithibitishia. Alipaka jikoni chokaa. Alinunua kitanda kikubwa. Alipanda maua mekundu mlangoni, yale ambayo Mama aliyataka tangu zamani. Alijifunza kupika njahi, yale maharagwe meusi, kama yalivyopikwa kwao Mama. Hakusema hata neno moja baya juu yake. Mtoto gani angeona hayo yote akafikiri kwamba nyumba inaandaliwa ili mama asirudi?

Afisa wa watoto alikuja siku ya Alhamisi. Alikuwa mwanamke mnene mwenye soksi ndefu, na pumzi ilikuwa imemkatika kwa kupanda mlima. Alifungua kabati, akapapasa godoro, akainusa blanketi. Nilimfuata nyuma nikimwonyesha kila kitu kwa fahari, hata mahali ambapo kanga za Mama zingekaa, ingawa sikusema ni za nani. Akamuuliza Baba, "Nani humwogesha huyu?"

"Ni mimi, madam."

"Na nywele?"

"Ni mimi."

Alinigeuza kichwa, akaangalia yale matuta yaliyopinda, na uso wake ukalainika. Aliandika kwa muda mrefu. Alipoondoka, Baba alimsindikiza hadi barabarani, akarudi akiwa karibu kukimbia. Akaninyanyua juu mpaka nikagusa dari. Sikumbuki siku nyingine aliyofanya hivyo.

Jumapili iliyofuata, akinisuka, nilimuuliza swali lililokuwa likinisumbua. Nilimuuliza kwa Kimeru, lugha yetu ya ndani. "Baba, tukishapata malezi kamili, Mama atalala upande wa ukutani ama upande wa dirisha? Upande wa dirisha una baridi."

Mikono yake ikasimama. Nakumbuka kitana kikiwa kimekwama katikati ya nywele, na mafuta yakishuka polepole nyuma ya sikio langu. Ng'ombe wa jirani alilia mara mbili. Kisha Baba akasema, "Tuliza kichwa," akaendelea kusuka, lakini tuta lile alilifumua na kulirudia, kisha akalifumua tena.

Kinoti alipokuja walisimama nje ya mlango, Baba akiongea kwa sauti ya chini, ya aibu, kama mtoto anayekiri amevunja chungu. Sikusikia alichosema. Nilisikia jibu. Kinoti akasema, "Usiguse hapo, Mwalimu. Hujamfundisha kitu, na hakimu anamjua kasuku akimwona. Huyu hana kasoro. Mwache vile alivyo." Nilidhani wanasema juu ya nywele zangu. Nilijipapasa kichwa, nikafurahi kwamba hata Kinoti ameziona kuwa nzuri.

Siku ya mahakama nilivaa sare ya shule iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa. Mama alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, amevaa gauni la bluu la kazini, Mwenda amelala mapajani mwake. Alikuwa amekonda. Nilimkimbilia, akanishika uso kwa mikono miwili, akanitazama matuta. Nilifikiri atacheka. Alinyoosha moja kwa kidole, akasema kwa Kiembu, "Nani alikusuka?"

"Baba."

Akaliachia tuta. Kisha akasema, "Ukiingia humo, sema ukweli tu. Usiogope mtu. Wala usinifikirie mimi." Hayo ndiyo maneno yote aliyonipa. Mtu mwingine angenong'ona, angelia, angeniahidi kitu. Yeye alinifunga kifungo cha shingoni akaniachilia niende.

Hakimu hakuwa ameketi juu kama nilivyotarajia. Alinipokea katika chumba kidogo chenye mafaili, mzee mwenye mafua, akanipa kiti, akauliza kama nimekunywa chai. Baba alikuwa amenifunza kujibu wakubwa kwa sentensi kamili, nami nilijibu hivyo.

"Unaitwa nani?"

"Mimi ninaitwa Makena."

"Makena, unajua kwa nini umekuja hapa?"

"Nimekuja hapa kwa sababu Baba anataka malezi kamili."

Akainua macho. "Nani alikwambia useme hivyo?"

"Hakuna mtu aliyeniambia. Nilisikia mwenyewe."

"Na wewe unataka nini? Si Baba, wewe."

Nilikuwa nimelingoja swali hilo kwa miezi. Nilisimama, kama tulivyosimama darasani. "Mimi pia ninataka malezi kamili."

"Unajua maana yake?"

"Ninajua. Ni kukaa pamoja nyumba moja."

"Wewe na ndugu yako?"

"Ndiyo. Mimi na ndugu yangu. Kule kwetu Kiirua."

Sikuongeza "na Mama na Baba" kwa sababu halikuwa jambo la kuongezwa. Alikuwa ameuliza juu ya Mwenda, nikajibu juu ya Mwenda. Niliulizwa mengine: kama ninapigwa, kama ninalala na njaa, kama Baba humsema Mama vibaya. Nilijibu yote kweli tupu. Hakimu alipiga chafya, akafuta kalamu, akaandika. Aliniambia mimi ni mtoto hodari. Nilitoka humo nikiwa nimevimba kwa furaha, nikawatazama wazazi wangu walioketi mabenchi mawili tofauti, nikajisemea, ngojeni tu.

Hukumu ilisomwa wiki kadhaa baadaye. Mimi nilibaki nje na Shangazi Karimi. Baba alitoka kwanza, uso wake umekuwa kama wa mtu aliyepigwa na jua. Shangazi alipiga kigelegele kifupi, kisha akajiziba mdomo. Kinoti alikuwa akimpiga Baba mgongoni. "Malezi kamili, Mwalimu! Nilikuambia!"

Mama alikuja mwisho, amembeba Mwenda mgongoni. Alisimama mbele ya Baba chini ya ukuta wa mahakama, akafungua kanga taratibu, akamshusha. Kisha akaanza kusema, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekabidhi kazi ofisini. "Huyu hali ndizi iliyoiva sana, anatapika. Akikohoa usimpe ile dawa nyekundu, inamwasha. Analala ukimkuna mgongo, si kichwa. Kikombe chake ni hiki. Akikataa uji, mpe kwa hiki, atakunywa."

Baba alitoa daftari lake akaandika. Aliandika kila neno. Kalamu ilikuwa ikitoboa karatasi.

Mimi nilikuwa nikiutafuta mzigo wa Mama. Niliona mkoba wa mkononi tu. Nikamwendea, nikamvuta gauni. "Mama, nguo zako ziko wapi? Zitakuja na gari lingine?"

"Nguo za wapi?"

"Si tunaenda nyumbani? Tumepata malezi kamili. Hata mimi niliomba. Nilimwambia hakimu."

Mama alinitazama. Alinitazama kwa muda ambao nimejaribu maisha yangu yote kuupima na nikashindwa. Midomo yake ilitembea kidogo, kama anayesoma barua kimoyomoyo. Kisha akainua macho polepole kutoka kwangu mpaka kwa Baba.

"Mwalimu," alisema. "Hukumweleza mtoto?"

Baba alifunga daftari. Aliangalia viatu vyake, vile vyeusi alivyokuwa amevipaka rangi asubuhi hiyo. Kinoti alisogea kando akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

"Nakuuliza. Hukumweleza?"

"Twende," Baba akasema kwa Kimeru, si kwake, kwetu.

Mama angeweza kupiga kelele. Angeweza kurudi ndani, kumwita hakimu, kusema mtoto hakuelewa. Nimefikiri sana kwa nini hakufanya hivyo, na jibu ninalolipata ni kwamba mimi nilikuwa nimesimama pale, na kulisema jambo hilo kwa sauti kungekuwa kunionyesha mimi nilichofanya. Alipiga magoti akanikumbatia. Alinukia karatasi na sabuni. "Umesema vizuri," aliniambia sikioni. "Hukukosea kitu." Kisha akainuka akaenda zake upande wa barabara ya Embu, kanga tupu ikining'inia mkononi, na Mwenda akaanza kulia.

Alilia majuma matatu. Aliamka asubuhi akaenda kusimama langoni, mikono kwenye waya, upepo ukimpiga, na kila mwanamke aliyepita na mkoba alimwita Mama. Baba alimpa uji kwa kile kikombe. Alimkuna mgongo, si kichwa. Alifanya kila kitu kilichoandikwa. Siku moja Mwenda aliacha kwenda langoni, na Baba akashukuru Mungu wakati wa kula, akidhani mtoto amepona. Alikuwa amesahau tu.

Tuliruhusiwa kumtembelea Mama wiki moja kila likizo. Mara ya kwanza ilichelewa kwa surua, ya pili kwa mvua zilizoharibu barabara, hivyo tulipofika Dallas ulikuwa umepita karibu mwaka. Mama alikuwa ametandika vitanda viwili. Alikuwa amepika wali na kuku, na jirani wote walikuwa wamesimama milangoni kutuona. Mwenda alijificha nyuma yangu. Mama alichuchumaa akamnyooshea mikono.

"Huyu ni nani?" akaniuliza Mwenda kwa Kimeru.

"Msalimie," nikasema. Nikamsukuma mbele kidogo.

Mwenda akatoa mkono, mtoto mwenye adabu aliyelelewa vizuri. "Shikamoo, Anti."

Jirani mmoja akacheka, kisha akaingia ndani haraka. Mama aliushika ule mkono mdogo akautikisa. "Marahaba," akasema. "Karibu ule." Siku tatu nzima alimwacha amwite Anti. Siku ya nne Mwenda alikataa kula, akilia anataka Baba, nami nilijua kilio kile, nilikuwa nimekisikia kwetu langoni kikiita jina jingine. Mama alikunja nguo zetu, akaturudisha yeye mwenyewe hadi Kiirua kabla wiki haijaisha. Baba alikuwa shambani. Mama alituacha kwa Shangazi, hakuingia hata kunywa maji. Baada ya hapo alikuja mwenyewe mara chache, akikaa kwenye kiti cha wageni, na likizo nyingine zikapita zikiwa na sababu zake. Hapakuwa na ugomvi. Njia ilimea nyasi tu.

Baba hakuoa. Alitulea kweli. Alishona vifungo, alikuja kwenye mikutano ya wazazi akiwa baba pekee kati ya akina mama, na nilipovunja ungo ni yeye aliyeninunulia nilichohitaji, akakiweka juu ya kitanda changu bila neno. Lakini nyumba ile ilikuwa na kimya ambacho hatukuweza kukitaja. Maana ya malezi kamili ilinifungukia nikiwa darasa la sita, katikati ya somo la kawaida, Baba akiwa ubaoni. Nilinyanyua kichwa nikakuta ananitazama. Akageuka akafuta ubao kabla hatujamaliza kunakili.

Nilimuuliza mara moja tu, nilipomaliza sekondari. Tulikuwa tukichimba viazi. "Ulijua sikuelewa?"

Aliendelea kuchimba mashimo mawili zaidi. "Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungesema nini kule ndani?"

Sote wawili tulijua jibu. Akapangusa kiazi kimoja kwa gumba mpaka ngozi ikatoka. "Niliogopa kuwakosa nyote wawili," akasema. "Nilisema, nikishawapata nitamweleza. Halafu hakukuwa na siku." Nilimwonea huruma. Nilitamani kumchukia, na hata hilo sikuweza kulifanya vizuri.

Mwenda alikua mtu mtulivu, asiyegombana na yeyote wala kushikamana na yeyote. Alijifunza ufundi wa umeme, akahamia Nakuru, akawa akipiga simu Krismasi. Baba, aliyekuwa amempigania kuliko kitu kingine chochote duniani, aliongea naye dakika mbili kwa mwaka, wakiulizana habari za mvua.

Mama alifariki mwaka jana. Hakuwa ameolewa tena. Alizikwa kwao, upande wa chini wa Embu, kwenye udongo mwekundu na joto, na mimi ndiye niliyesoma maisha yake, ukurasa mmoja na nusu. Baba alikuja na fimbo yake, akasimama nyuma ya hema. Mwenda alichelewa. Alifika ibada ikiwa imeanza, koti mkononi, akatembea polepole kati ya watu waliokuwa wakimtazama bila kumjua. Kijana wa kupokea watu alimwendea kwa heshima, maana viti vya mbele, vya familia, vilikuwa vimefungwa utepe.

"Pole, mzee. Wewe ni wa familia ama ni mgeni?"

Mwenda aliangalia jeneza. Aliangalia ile picha kubwa ya mwanamke mwenye gauni la bluu. Nilimwona akijitahidi kweli, kama mtu anayetafuta jina lililo kwenye ncha ya ulimi.

"Mgeni," akasema.

Baba alikuwa hatua mbili nyuma yake. Alisikia. Alifungua mdomo, mkono wake ukainuka kidogo kutoka kwenye fimbo, kisha ukarudi. Kijana akamshika Mwenda kiwiko, akampeleka upande wa kushoto wa hema, walikokaa wageni, akampangusia kiti.